Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya biashara na sheria: jina la korosho zetu limesajiliwa na mtu mwingine, na sisi ndo tunaitwa wezi

Kwa heshima kubwa,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Viwanda na Biashara,
Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Katiba na Sheria,
Waheshimiwa Wabunge wa mikoa ya Mtwara na Lindi,

YAH: MIGOGORO YA ALAMA ZA BIASHARA NA HATAZA (HAKI ZA UVUMBUZI) INAVYOTUUMIZA WAJASIRIAMALI WA KUSINI

Shikamooni waheshimiwa, poleni na majukumu. Naandika nikiwa katibu wa kikundi cha kina mama wabanguaji wa korosho hapa Mtwara mjini. Ningependa haya yangeisha ofisini kimya kimya, na huko ndo tulikoanzia: tumeandika barua, tumezipeleka kwa mkono, zimegongwa muhuri wa kupokelewa, tukaambiwa tusubiri, tukapiga simu mpaka zikawa hazipokelewi tena. Ofisi hizo sizitaji hapa, maana nia yangu sio kumchomea mtu, nia ni jambo lenyewe lifike kwa wanaoweza kuliamua.

Kilichotupata ni hiki. Tunabangua, tunakaanga, nyingine za chumvi nyingine za pilipili, tunafungasha na kuuza stendi na madukani, na mzigo mwingine unapanda basi kwenda Dar na mwingine unavuka mpaka Zanzibar kwenye mahoteli. Lebo yetu ina jina na mchoro aliotuchorea kijana wa hapahapa Chikongola. Tuna cheti cha jina la biashara, tuna leseni, bakodi tumelipia. Sasa mfanyabiashara mmoja wa Dar, ambaye alikuwa akinunua kwetu kwa jumla miaka kadhaa, akaenda akasajili jina lile lile kama alama ya biashara ya kampuni yake. Tumekuja kujua pale wakili wake alipotuandikia barua, tena ya Kiingereza tupu, kwamba tuache mara moja kutumia jina hilo, tukabidhi vifungashio vyote na tulipe fidia. Nakala ikapelekwa kwa wateja wetu wakubwa na duka moja la Dar likashusha mzigo wetu kwenye shelfu bila kutuuliza chochote. Jina lenyewe siliandiki humu kwasababu barua ya wakili imetutisha kwamba hata kulitaja hadharani tutashtakiwa.

Sio sisi peke yetu. Nimeongea na wenzetu wa Masasi wanaokausha kochoko, yaani mabibo makavu, na wa Lindi wenye chumvi na mafuta ya ufuta, hadithi zinafanana sana. Ndo maana naomba nizieleze hoja moja moja.

1. Cheti cha jina la biashara hakilindi jina, na hakuna anayetwambia hivyo wakati tunalipia

Huu ndo mzizi wa mambo mengi. Mjasiriamali wa kawaida akishapata cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, anaamini jina ni lake, analibandika kwenye lebo, anachapisha vifungashio vya mamilioni, anakopa ile asilimia kumi ya halmashauri kwa jina hilo. Kumbe kisheria jina la biashara ni sajili moja na alama ya biashara ni sajili nyingine kabisa, yenye sheria yake, Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Cheti cha kwanza kinamwambia mtu nani anafanya biashara kwa jina gani, basi. Haki ya kumzuia mwingine asitumie jina lile kwenye bidhaa iko kwenye cheti cha pili. Na sheria hiyo inasema wazi kwamba alama isiyosajiliwa huwezi kuifungulia kesi ya kuingiliwa. Unabaki na njia ya zamani ya kumshtaki mtu kwamba anauza kwa mgongo wa jina lako, njia ambayo ni ngumu, nitaieleza chini.

Sajili zote mbili ziko chini ya taasisi moja. Mtu akija kuomba alama ambayo ni jina la biashara ya mtu mwingine anayeuza bidhaa ileile, sioni kwanini mwenye jina asitumiwe hata meseji ya simu kwamba jamani kuna ombi hili, una pingamizi? Namba zetu za simu wanazo, namba za NIDA wanazo, tuliziingiza wenyewe kwenye mfumo.

2. Siku 60 za pingamizi zinapita bila sisi kujua zimeanza

Ombi la alama likishakubaliwa linatangazwa kwenye jarida la hataza na alama, na yeyote mwenye kupinga ana siku 60. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Lakini nani huku Tandahimba, Newala, Liwale au Kilwa anasoma jarida lile? Mawakili wa makampuni makubwa wana watu wa kulipitia kila linapotoka, ni kazi yao. Mama anayeamka alfajiri kuwasha jiko la kukaangia hana mtu huyo. Siku zikipita alama inasajiliwa kwa miaka 7, inahuishwa kwa miaka 10 mingine na mingine tena, kwahiyo usingizi wa miezi miwili ambao hata hukujua umelala unakugharimu maisha yote ya biashara yako.

3. Mlango wa kudai haki ni Mahakama Kuu

Sheria ya alama ikisema mahakama inamaanisha Mahakama Kuu. Tunashukuru Mtwara ipo masjala ya Mahakama Kuu, lakini mtu wa Liwale au Nachingwea bado ana safari, na kesi ya Mahakama Kuu bila wakili ni kujitafutia kushindwa, na wakili wa mambo haya ukimtafuta huku humpati unaelekezwa Dar. Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu ambayo imezoea kesi za namna hii haina masjala huku kwetu. Na barabara yenyewe mnaijua, Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya ilikatika pale Somanga tukabaki tumetengwa na Dar, mzigo unaharibika, tarehe za watu za mahakamani na hospitali zinapita.

Alafu kuna suala la ushahidi. Ili ushinde kwa ile njia ya kwamba mtu anauza kwa mgongo wa jina lako, lazima uoneshe kwamba wateja walikuwa wanakujua kwa jina lile, kwamba huyu amewachanganya, na kwamba umepata hasara. Biashara yetu imekua kwa mkono kwa mkono, abiria ananunua pakiti dirishani basi likiondoka, risiti iko wapi? Tulichonacho ni picha kwenye simu, oda za WhatsApp, miamala ya pesa za simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki na ndo ambao wengi wetu tunao, lakini kila tunapoenda tunaulizwa mkataba, ankara, vitabu vya hesabu.

Na lugha. Mwaka 2021 Bunge lenu tukufu lilipitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Wengi tulifurahi kwa dhati kabisa. Sasa kwanini mama aliyemaliza darasa la saba anapokea notisi ya kumfilisi kwa lugha asiyoielewa, mpaka amtafute mwalimu wa sekondari amtafsirie, na mwalimu mwenyewe maneno ya kisheria hayajui? Muda wa kujibu unahesabika wakati bado tunatafuta mtu wa kutusomea.

4. Sheria ya bidhaa bandia inamlinda aliyewahi cheti, hata kama bidhaa ni ya mwingine

Hili linaniuma kuliko yote. Tunayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 na Tume ya Ushindani inaitumia kukamata bidhaa bandia, kazi nzuri, mimi mwenyewe nisingependa mwanangu anywe dawa bandia. Lakini kwenye kesi kama yetu mwenye cheti ndo anaonekana halali. Maana yake mama aliyebuni jina, akalijenga, akaliheshimisha, anaweza kuja kukamatiwa korosho zake mwenyewe kama feki, na aliyelichukua akawa ndo mlalamikaji. Kina mama wawili kwenye kikundi wameshaacha kuja kazini kwa hofu hiyo tu, hakuna aliyewagusa, ni barua imewatosha.

Na yule mfanyabiashara hakusajili korosho peke yake, ameweka na sabuni, na maji ya kunywa, na nguo, vitu ambavyo hajawahi kuviuza. Hapa naomba wataalamu wenu waangalie dunia inaelekea wapi. Tarehe 13 Novemba 2024 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu kwenye kesi ya Sky na SkyKick. Sky ni kampuni kubwa ya televisheni, ilikuwa imesajili jina lake kwa orodha ndefu ya bidhaa iliyofika mpaka mijeledi na dawa za kung'arisha nguo, kisha ikaishtaki kampuni ndogo ya programu za kompyuta. Mahakama ikakubali kwamba kujisajilia rundo la bidhaa usizokuwa na nia ya kuziuza, ili upate silaha ya kuwatishia wengine, inaweza kuwa nia mbaya, na usajili ukapunguzwa kwa sehemu hizo. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wetu lakini husomwa na huwashawishi, na sheria yetu ya 1986 nayo inamtaka muombaji awe ni yule anayedai kuwa mwenye alama anayoitumia au anayokusudia kuitumia. Sasa mteja wa jumla aliyekuwa anachukua pakiti zenye jina letu, anadaije kuwa ndo mwenye jina? Swali hili liulizwe pale ombi linapopokelewa, lisisubiri kuulizwa na jaji baada ya miaka.

5. Zanzibar ni usajili mwingine

Nalipitisha haraka. Alama ikisajiliwa Bara haivuki bahari, Zanzibar ina sheria yake ya mali za viwandani ya 2008 na msajili wake. Mzigo wetu mzuri unaenda kwa watalii wa Zanzibar, kwahiyo ni ada mara mbili na pingamizi mara mbili. Tunaomba tu mjasiriamali aambiwe hilo siku ya kwanza.

6. Mafundi wetu wanaibiwa mashine kwenye maonesho

Kila Agosti tunakwenda Nane Nane Ngongo pale Lindi. Mafundi vijana wanaleta mashine za kubangulia, za kukamulia mabibo, za kuchuja chumvi, wamezitengeneza kwa vyuma chakavu na akili zao wenyewe. Wanaombwa waeleze inavyofanya kazi, wanafungua boneti, watu wanapiga video. Msimu unaofuata mashine ileile inauzwa na mwingine mwenye karakana kubwa.

Hataza inatolewa kwa kitu kipya, ukishakimwaga hadharani kabla hujafaili, upya wake unaanza kutiliwa shaka. Kijana hajui hilo, na waliomwalika kwenye maonesho hawakumwambia. Sheria yetu ya hataza ya 1987 ina mpaka cheti cha ubunifu mdogo kwa ajili ya maboresho ya kawaida ambayo hayafikii kiwango cha hataza kamili, kitu ambacho ndo kinawafaa kabisa mafundi hawa, lakini sijakutana na fundi hata mmoja huku anayekijua. Nimeona banda la taasisi na vipeperushi vyenye karatasi nzuri. Kinachotakiwa ni mtu mwenye kompyuta anayekaa na fundi kabla hajafungua boneti, amsaidie kufaili hapohapo.

7. Jina la Mtwara lenyewe halina mwenyewe

Tunaongelea lebo ya kikundi kimoja, lakini tujiulize na jina kubwa. Sehemu kubwa ya korosho zetu inaondoka ghafi kwenda India na Vietnam, inabanguliwa huko, inawekwa kwenye mifuko ya watu, na jina la huku tulikolima linapotea njiani. Mtu yeyote popote akitaka kuandika Mtwara kwenye korosho isiyotoka Mtwara, nani atamzuia na kwa sheria ipi? Bara bado hatuna sheria mahsusi ya kulinda majina ya bidhaa kwa mahali zinakotoka.

Wenzetu wamepigania. Ethiopia mwaka 2005 ilipeleka Marekani maombi ya kusajili majina ya kahawa zake, Harrar, Sidamo na Yirgacheffe, wafanyabiashara wa kahawa wa kule wakapinga, ikawa mvutano mkali ulioihusisha Starbucks, na mwaka 2007 wakafikia makubaliano. Ilikuwa ni serikali yenyewe imesimama mbele, haikumwachia mkulima wa Sidamo ajitafutie wakili Washington. Afrika Kusini nayo, jina la chai ya Rooibos linalindwa Ulaya tangu 2021. Na Umoja wa Ulaya sasa una sheria mpya ya kulinda majina ya kazi za mikono, imeanza kutumika Desemba 2025, na wazalishaji wa nje ya Ulaya wanaweza kuomba, ila lazima jina liwe limelindwa kwanza nchini kwao. Fikirieni vinyago vya Kimakonde, kazi ya wazee wa uwanda wa Newala na Mueda ya Msumbiji inayojulikana dunia nzima. Mlango umefunguliwa na sisi hatuna karatasi ya nyumbani ya kuingilia.

Najua majibu yatakayokuja, maana mengine tumeshapewa

Tutaambiwa tungesajili alama mapema. Waheshimiwa, tulifika kusajili, tukalipa, tukapewa cheti, na aliyetuhudumia akatupongeza kwamba jina sasa ni letu. Mwananchi aliyefuata maelekezo asihukumiwe kwa kutojua kwamba kulikuwa na dirisha jingine.

Tutaambiwa mfumo uko mtandaoni, mtu anasajili popote alipo. Ni kweli na ni hatua kubwa. Ila kujaza fomu ni kitu kimoja, kujua ujaze ipi, daraja gani la bidhaa, na ufanye nini ukipingwa, hayo mfumo haukufundishi.

Tutaambiwa suala ni la kisheria, twende mahakamani. Tutakwenda kama hakuna namna. Lakini naomba mkumbuke kwamba thamani ya mtaji wote wa kikundi chetu huenda isifikie gharama ya kesi yenyewe, na yule mfanyabiashara analijua hilo, ndo maana barua yake ilikuja ikiwa kali vile.

Na kuhusu sheria ya majina ya mahali, kuna watakaosema tuna muda, nchi maskini zimeongezewa na Shirika la Biashara Duniani mpaka tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na mkataba wa mali za ubunifu. Muda ule ulitolewa ili tusibanwe na haki za wakubwa kabla hatujasimama. Haukumkataza mtu kulinda cha kwake. Mpaka 2034 ni misimu mingi ya korosho, na kila msimu jina linazidi kuzoeleka mikononi mwa wengine.

Tunachoomba

Kwanza kabisa, kabla ya mengine yote, tunaomba mgogoro wetu na mingine ya aina hii ipewe usuluhishi hapa Mtwara, mbele ya mtu mwenye mamlaka ya Msajili wa alama, kwa Kiswahili, picha za simu na miamala ikipokelewa kama ushahidi, na wakati shauri linaendelea mtumiaji wa mwanzo asizuiwe kuuza. Kama sheria haimpi Msajili uwezo wa kukaa nje ya Dar, basi irekebishwe, na mahakama za wilaya zipewe uwezo wa kusikiliza migogoro midogo ya alama.

Pili, mfumo wa usajili umtaarifu mwenye jina la biashara pale alama inayofanana inapoombwa, na siku 60 zianze kuhesabiwa kwake tangu alipotaarifiwa. Matangazo ya jarida yabandikwe na kwenye ofisi za halmashauri na SIDO, kwa Kiswahili.

Tatu, Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 imewasaidia watu sana kwenye ardhi, mirathi na ukatili wa kijinsia. Iongezwe na hili la alama na hataza, wanasheria wake wapewe mafunzo.

Nne, Nane Nane ijayo Ngongo kuwe na dawati la kufaili kabla maonesho hayajafunguliwa, na fundi asilazimishwe kueleza ndani ya mashine yake mpaka awe na namba ya ombi.

Tano, muswada wa kulinda majina ya bidhaa kwa mahali upelekwe Bungeni, na Bodi ya Korosho ambayo makao yake ni hapa Mtwara, pamoja na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Naliendele wanaozijua mbegu na ladha zake kuliko mtu yeyote, waanze kuandaa sifa za korosho ya kusini. Wabunge wetu, hili ni lenu moja kwa moja. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho kwa 3,300 kwa kilo wanajeshi walifika hapa ndani ya siku chache, mazuri na magumu ya msimu ule tunayajua, lakini tuliona kwa macho kwamba ikiamuliwa huku panafikika.

Nyaraka zetu zote zipo: cheti, leseni, lebo za kwanza kabisa, oda, na barua za wakili. Tuko tayari kuzileta ofisi yoyote ya Mtwara au Lindi mtakayotuelekeza, na tunaomba majibu ya maandishi kabla ya minada ya msimu huu kufunguliwa, kwasababu tunatakiwa kuagiza vifungashio vipya na hatujui tuandike jina gani juu yake.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Katibu wa kikundi cha kina mama wabanguaji, Mtwara mjini

Nakala: Wakuu wa Mikoa ya Mtwara na Lindi, Wakurugenzi wa Halmashauri, vikundi vyote vya wabanguaji, wakaushaji na wachonga vinyago vya kusini.